Kisa cha Diski Iliyoletwa na Posta

Leo nataka tuzungumze habari za kompyuta ya nyumbani na wale wanaoivamia. Najua wako watakaosema, "Bwana Elimu, sisi tumekuja kujifunza historia, habari za kompyuta si uwaachie mafundi?" Subirini kidogo. Jambo hili nalo lina historia yake, tena historia hiyo imepata kupita hapa hapa Afrika Mashariki. Na mtu asiyejua jambo lilikotoka ni rahisi kudanganywa na kila mwenye duka anayemwambia, "Nunua programu hii, ulale usingizi."

Basi, turudi nyuma hadi mwezi wa Desemba, mwaka 1989. Wakati ule kompyuta nyingi za watu zilikuwa zimekaa peke yake mezani, hazikuunganishwa na nyingine. Intaneti ilikuwa ni jambo la vyuo vikuu na majeshi. Mtu akitaka kumpa mwenzake kazi aliyoiandika, aliiweka katika diski: kipande chembamba cha plastiki, cha mraba, ukubwa wake yapata kiganja cha mkono kilichokunjuliwa, na ndani yake utando wa sumaku. Diski ilitiwa mfukoni, au ndani ya bahasha, na kupelekwa. Kwa hiyo adui wa kompyuta naye alisafiri kwa mfuko na kwa bahasha.

Kati ya tarehe 8 na 12 ya mwezi huo, diski zipatazo 20,000 zilitiwa posta mjini London. Zilikwenda kwa wasomaji wa gazeti moja la kompyuta, na kwa watu waliopata kuhudhuria mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Stockholm, Sweden. Juu ya diski yaliandikwa maneno ya kueleza kwamba ndani yake mna maarifa juu ya UKIMWI.

Hapa yafaa tusimame tuikumbuke miaka ile. Wazee wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, hawana haja ya kuelezwa. Mwaka 1989 hapakuwa na vidonge vya kumrudishia mgonjwa nguvu zake kama vilivyopo sasa. Watu walizika, wakarudi nyumbani, wakazika tena. Daktari au mtafiti aliyeletewa diski yenye maarifa juu ya ugonjwa huo, angewezaje kuiacha mezani bila kuitazama? Mwenye kutega mtego alijua chambo gani atumie.

Na diski haikuwa tupu. Ukiifungua, programu ilikuuliza maswali juu ya maisha yako, ukajibu, nayo ikakuambia uko katika hatari kiasi gani ya kuambukizwa, na nini ufanye. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishangaza nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza. Nilidhani mwizi huleta mkono mtupu. Huyu alileta zawadi ya kweli, na zawadi ndiyo iliyofungua mlango.

Pamoja na diski ilikuja karatasi ndogo yenye maandishi madogo sana. Maandishi hayo yalisema kwamba anayeitumia programu hii anakodi, hakupewa bure: dola 189 za Marekani kwa kuitumia mara 365, au dola 378 kwa maisha yote ya diski kuu ya kompyuta. Yakaongeza kwamba asiyelipa, programu nyingine zilizomo katika kompyuta yake zaweza kuharibiwa. Naam, yaliandikwa waziwazi, kwa wino. Lakini ni nani asomaye karatasi ya namna hiyo? Mimi na wewe, tukiweka programu mpya leo, tukaulizwa kama tumesoma masharti na kuyakubali, twafanya nini? Twabonyeza "nakubali," kisha twaendelea na shughuli zetu.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyofanya kazi. Mtu akiisha kuiweka, programu ilijificha ndani ya diski kuu, ikalibadili lile faili ambalo kompyuta hulisoma kila inapowashwa, kisha ikanyamaza. Haikufanya neno. Ilihesabu tu. Kompyuta ikiwashwa asubuhi, moja. Kesho yake, mbili. Hivyo hivyo mpaka ilipofika 90 au karibu yake. Fikirini: katika ofisi inayowasha kompyuta mara moja kwa siku ya kazi, hesabu hiyo ni zaidi ya miezi minne. Kwa muda wote huo ile bahasha ya posta imekwisha kutupwa, na hakuna akumbukaye ilikotoka. Ni kama mchwa ndani ya boriti: siku paa linapoanguka, wewe walaumu mvua ya jana.

Hesabu ilipotimia, programu iliyaficha mafolda na kuyageuza majina ya mafaili kwa herufi za fumbo, hata mwenyewe asiweze kutambua lipi ni lipi. Kisha maneno yakatokea katika kioo: muda wa kukodi umekwisha, washa mashine ya kuchapa, upate hati ya madai, peleka fedha kwa kampuni iitwayo PC Cyborg Corporation, sanduku la posta, Panama.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa biashara ambayo leo yazitesa hospitali, benki, halmashauri za miji, na watu wa kawaida nyumbani mwao: kuifunga mali ya mtu ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha kumwuzia ufunguo. Sisi twaiita programu ya kudai fidia.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, jina lake Jim Bates, aliichukua diski ile akaipekua kila sehemu. Akagundua jambo la maana sana. Programu ilikuwa imegeuza majina tu. Yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa. Ni sawasawa na mwizi aingiaye ghala ya shule usiku, akabandua lebo za majalada yote na kubandika nyingine zisizosomeka, lakini asichane ukurasa hata mmoja. Tena, fumbo la kugeuza majina na njia ya kulifumbua vyote vilikuwamo ndani ya programu yenyewe. Bates akatunga programu mbili, moja ya kumwondoa adui na nyingine ya kurudisha majina, zikatolewa kwa walioathirika. Aliyevuta subira alipata vitu vyake vyote bila kutoa senti.

Lakini si wote waliovuta subira. Wako walioshikwa na hofu, wakafuta kila kitu kilichokuwa katika kompyuta zao, wakidhani wanaokoa kilichobaki, kumbe wanaangamiza kwa mikono yao kile ambacho adui hakukigusa. Wengine walikuwa watafiti wa UKIMWI wenyewe. Jambo hili nitalirudia, maana nina deni nalo.

Na aliyetega ni nani? Mtu aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani, mwanachuoni wa elimu ya viumbe aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kabla ya mambo haya alikaa Kenya akichunguza maisha ya nyani. Na mwezi huo huo wa Desemba 1989 alikuwa akirejea kwao kutoka Nairobi, na alipofika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, mwenendo wake uliwatia watu shaka. Mizigo yake ilipotazamwa palionekana mhuri wenye jina la PC Cyborg. Mapema mwaka 1990 alikamatwa nyumbani kwao Ohio, kisha akapelekwa Uingereza kujibu mashtaka. Alieleza kwamba fedha zilikusudiwa kusaidia utafiti wa UKIMWI. Mwezi wa Novemba 1991 hakimu aliamua kwamba akili yake haikuwa katika hali ya kuweza kusimama mahakamani, akaruhusiwa kurudi kwao. Kwa hiyo hakuhukumiwa huko Uingereza, wala hatuna haki ya kumhukumu sisi katika somo hili. Nimemtaja ili mjue ya kuwa jambo hili halikuzaliwa mbali nasi kama tunavyodhani.

Msidhani pia kwamba diski ile ilikuwa ya kwanza kuleta madhara. Ilikuwa ya kwanza kudai fedha. Kabla yake, mwaka 1982, kijana wa Marekani wa miaka 15 jina lake Rich Skrenta alitunga programu iliyojinakili yenyewe kutoka diski moja hadi nyingine katika kompyuta za Apple II. Kila mara ya 50 ya kuwasha, shairi fupi lilitokea katika kioo. Ulikuwa ni mzaha wa mwanafunzi kwa rafiki zake. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga kingine kilichoitwa Brain, wakisema walitaka kuwabaini watu walionakili programu zao bila kulipa. Nao waliandika humo ndani majina yao, anwani ya duka lao, na nambari za simu! Haramia gani wa leo aandikaye anwani yake? Kirusi chao kikasambaa hata nchi za mbali, na watu wasiowajua wakawa wakiwapigia simu kuuliza dawa.

Jina lenyewe la kirusi lilianza kutumika kwa maana hii katika kazi ya Fred Cohen, mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, mwaka 1983. Mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyempa shauri la jina. Cohen alifanya zaidi ya kutaja jina. Alionyesha kwa njia ya hesabu ya kuwa haiwezekani kutunga programu moja itakayovitambua virusi vyote, daima, bila kukosea. Nawaomba mlitie akilini neno hilo kwa siku mtakayosimama mbele ya kaunta ya duka. Programu ya kuzuia virusi ni kitu chema, na kompyuta za Windows za siku hizi huja zikiwa na mlinzi wake mwenyewe bila malipo ya ziada. Lakini mlinzi huyo ni kama askari wa lindo: awajua wezi waliopata kukamatwa, na wale wanaotembea kama wezi. Mwizi mpya mwenye suti na mkoba humpita.

Sasa mtauliza, ikiwa diski ya mwaka 1989 iliponywa kwa urahisi, mbona leo watu hawaponi? Hapa ndipo pagumu kidogo, lakini tukienda polepole tutaelewana.

Kosa la mtunga diski, kwa upande wake, lilikuwa kuuacha ufunguo ndani ya nyumba aliyoifunga. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Marekani, Adam Young na Moti Yung, waliandika kuonya kwamba siku moja atatokea mhalifu asiyefanya kosa hilo. Walieleza hivi. Fikirini kufuli ya kawaida, ile ya kubonyeza. Kuifunga hakuhitaji ufunguo, mtoto yeyote aweza kuibonyeza ikalia "tak." Kuifungua ndiko kunakotaka ufunguo. Basi mhalifu akikutumia kufuli iliyo wazi, ikajifunga yenyewe katika sanduku lako, na ufunguo akabaki nao yeye katika nchi asiyofikiwa, hata Jim Bates kumi hawatakusaidia kwa kuipekua kufuli. Hesabu za kutengeneza kufuli ya namna hiyo zilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1970, na zilitungwa kwa kusudi jema la kulinda siri za watu halali. Ndizo zinazolinda barua zetu na fedha zetu hata sasa. Silaha ni ile ile.

Ilibaki shida ya kupokea fedha. Sanduku la posta lina mahali pake, na polisi waweza kwenda kukaa mbele yake. Mwaka 2009 ilianza fedha ya kompyuta iitwayo Bitcoin, ambayo mtu aweza kuipokea bila kutaja jina lake. Kufuli imepatikana, na sanduku lisilo na mahali limepatikana. Kuanzia mwaka 2013 wahalifu waliutumia mpango huo kwa nguvu, wakifunga yaliyomo ndani ya mafaili na wala si majina tu.

Kisha ikaja Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017. Programu iitwayo WannaCry ilienea kwa siku chache katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150. Hii haikungoja mtu afungue bahasha. Ilipenya yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa kutumia ufa uliokuwamo katika Windows, na kudai dola 300. Katika Uingereza, kati ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali na huduma za afya za serikali, zisizopungua 80 zilitatizika. Wagonjwa walioambiwa waje kupasuliwa waliambiwa warudi nyumbani. Kijana mmoja wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliona ndani ya programu hiyo anwani ya intaneti isiyo na mwenyewe; akaisajili. Kumbe programu ilikuwa imeandikwa hivi: ikiikuta anwani hiyo hai, isimame. Ikasimama. Na waliolipa? Programu yenyewe haikuwa na njia ya kutegemewa ya kumjulisha mwizi ni nani aliyelipa, hivyo wengi walitoa fedha, wasipate kitu.

Lakini jambo linaloniumiza katika habari hiyo ni tarehe nyingine. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba ufa ule tarehe 14 Machi 2017. Yaani siku 59 kabla. Kiraka kilikuwapo, bure, na kompyuta nyingi hazikutiwa. Wengine waliahirisha kwa kuwa kompyuta ilikuwa na kazi. Wengine walikuwa na Windows ya wizi, na waliowawekea walikuwa wamezima njia ya kupokea viraka ili wizi usigunduliwe. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wale wanaosema programu ya wizi ni msaada kwa maskini. Maskini ndiye asiye na fedha za kununua kompyuta ya pili. Na wenye Windows 10, mjue kwamba Microsoft ilikoma kuitolea viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako yaweza kupokea Windows 11, ihamishe. Kama haiwezi, ulizia habari ya viraka vya ziada vinavyotolewa kwa kujiandikisha, au mifumo mingine ya bure kama Linux, ambayo hukubali kompyuta kuukuu.

Niliahidi kulirudia jambo la hofu. Miaka michache iliyopita, nikiwa afisa mgeni wilayani, nilikuwa na flashi moja niliyoitegemea kwa kila kitu. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wanafunzi wangu watu wazima, alama zao za miaka mitatu, na picha za barua zao za kwanza. Tulikuwa na desturi ya kumpiga picha kila mwanafunzi barua yake ya kwanza kabla hajaipeleka kwa aliyemwandikia. Siku moja niliipeleka flashi dukani ili nichapishiwe kurasa chache. Niliporudi ofisini na kuifungua, mafolda yote yalikuwa yamegeuka vialama vidogo vyenye mshale, na kila nilipobonyeza hapakuwa na kitu cha maana. Moyo ulinienda mbio. Rafiki mmoja akaniambia, "Ifomati upesi, isije ikaambukiza ofisi." Nikaifomati.

Mwaka uliofuata ndipo niliposoma habari za diski ya 1989, nikaelewa nilichofanya. Virusi vya namna ile, vilivyoenea sana katika maduka yetu ya kuchapisha, huficha mafolda ya kweli na kuweka vialama vya uongo mahali pake. Aghalabu mafaili yenyewe huwa yamo, mazima, yamefichwa tu. Fundi angeniwekea mambo sawa kwa robo saa. Adui alikuwa amebadili lebo; aliyezichoma karatasi ni mimi.

Bibi mmoja katika darasa lile, aliyejifunza kuandika akiwa na miaka 61, alikuwa amemwandikia mwanawe aliyeko migodini. Barua ilipotea njiani. Akaja kuniomba ile picha, ili ainakili upya. Nilimweleza. Akanitazama kwa muda, akasema, "Basi, mwanangu, nitaandika nyingine. Lakini ile ilikuwa ya kwanza." Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo, ewe msomaji, likitokea jambo la ajabu katika kompyuta yako, usifute. Ikate kwanza intaneti, chomoa flashi, na kama waona maneno ya kudai fedha, yapige picha kwa simu. Maneno hayo humsaidia fundi kumtambua adui. Kwa baadhi ya programu hizi ufunguo umekwisha kupatikana, na wataalamu huutoa bure, kama Bates alivyofanya. Nenda kwa fundi umjuaye. Kulipa ni jambo la mwisho kabisa, na ushauri wa polisi wa nchi nyingi ni kutokulipa.

Tena weka nakala. Watu wengi huniambia, "Nakala ninayo, nimeiweka katika folda nyingine." Hiyo ni sawa na kuuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba hiyo hiyo iliyofungwa. Nakala sharti iwe katika diski nyingine, na diski hiyo, ukiisha kunakili, ichomolewe na kuwekwa mahali pengine. Maana programu ya kudai fidia hufunga pia kila diski inayoikuta imechomekwa. Mimi nina mbili sasa, moja ofisini na moja kwa dada yangu. Flashi ya kwenda dukani ni nyingine kabisa, na ndani yake huweka faili lile tu linalochapishwa siku ile.

Habari ya flashi haina budi kuongezewa neno. Zamani Windows ilikuwa na tabia ya kuendesha yenyewe programu yoyote iliyoikuta ndani ya flashi, mara tu ichomekwapo, na kirusi kiitwacho Conficker, kilichoonekana mwaka 2008, kiliifaidi sana tabia hiyo. Mwezi wa Februari 2011 Microsoft ilitoa kiraka cha kuizima katika Windows za zamani. Kwa sababu hiyo adui wa flashi wa siku hizi aghalabu hawezi kwenda peke yake. Huhitaji kidole chako. Ndiyo kazi ya vile vialama vyenye mshale: kukufanya ubonyeze.

Na kidole hicho ndicho kinachowindwa kila siku. Mwaka 1989 kiliwindwa kwa hofu ya ugonjwa. Tarehe 4 Mei 2000 kiliwindwa kwa mapenzi: barua pepe zilienea dunia nzima zikitokea Ufilipino, zikimwambia mpokeaji kwamba anapendwa, na kumwomba afungue barua iliyoambatishwa. Jina la faili lilionekana kama la maandishi matupu, kwa kuwa Windows iliuficha mkia wa jina. Mkia huo ndio uliosema kwamba ni programu. Mawaziri na makarani walibonyeza sawasawa. Mtungaji, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa Manila. Mashtaka juu yake yaliondolewa, kwa sababu wakati ule nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Kwetu sheria zipo: Uganda tangu 2011, Tanzania tangu 2015, na Kenya tangu 2018. Basi ukidhurika, usione haya kupeleka habari polisi.

Hapa kwetu chambo kinachojulikana kuliko vyote ni ule ujumbe wa simu usemao, "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mtumaji hajui kama una deni lolote. Autuma kwa maelfu, akitumaini kumpata mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Barua pepe inayokuambia kwamba akaunti yako ya benki itafungwa leo jioni ni ndugu yake. Dawa ni moja: usijibu kwa njia uliyoletewa. Funga ujumbe, kisha mpigie mwenyewe kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani. Na katika barua yako pepe, ambayo ndiyo mlango wa vyote vingine, tumia neno la siri refu usilolitumia mahali pengine, kisha washa ule ulinzi wa hatua mbili, ili anayelijua neno bado azuiwe na nambari inayoletwa katika simu yako. Nambari hiyo usimtajie mtu, hata ajiite afisa wa benki, hata ajiite mimi.

Kwa kazi ya kikundi juma hili: wenye kompyuta katika darasa lenu wafungue mahali pa viraka katika Windows, wawaonyeshe wenzao ni tarehe gani kiraka cha mwisho kilipowekwa. Mwandike tarehe hizo ubaoni, kila moja mbele ya jina la mwenye kompyuta, na mjadiliane kwa nini zimetofautiana. Kisha kila mtu ataje faili moja ambalo likipotea leo hatalipata tena, na aseme nakala yake iko wapi. Majibu yenu mniletee kwa barua kupitia kwa mwalimu wa darasa, nami nitayasoma machache mwanzoni mwa somo lijalo, ambalo litakuwa juu ya historia ya posta na simu katika Afrika Mashariki. Kwaherini.